Pilau Nilimpa Mama Lishe

Krismasi iliyopita wageni walikuja kwetu Nyegezi, jijini Mwanza, kama ilivyo desturi tangu baba mkwe afariki, ila safari hii pilau sikuipika mimi. Kazi hiyo nilimkabidhi mama lishe wa hapa mtaani, ambaye hupikia harusi na ana sufuria zake. Mchele na nyama nilinunua mimi, kuni na ufundi vikawa vyake, na nusu ya malipo alipokea mapema ili asije akachukua shughuli nyingine siku hiyohiyo. Mama mkwe alinyamaza nilipomweleza, na kunyamaza kwake nakujua: si kukubali.

Nilimkumbusha jambo moja tu. Kwenye msiba hakuna anayetarajia mfiwa ashike mwiko. Majirani huja, wengine wakachambua mchele, wengine wakachota maji, na hakuna anayesema kwamba mwenye nyumba ameshindwa kuhudumia watu. Kwa nini basi siku ya furaha, yenye watu walewale, mzigo wote umwangukie mwanamke mmoja, anayeamka saa kumi alfajiri na kuketi na wageni saa tisa alasiri akiwa bado ananuka vitunguu?

Vyakula vingine niliwagawia ndugu waje navyo, na hapo ndipo palipohitaji kufikiri, kwa sababu si kila chakula kinasafiri. Sato wa kukaanga akifungiwa kwenye hotipoti hulegezwa na mvuke wake mwenyewe, kwa hiyo samaki nilibaki nao. Mdogo wangu aliwanunua soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi ya mkesha, wakaparuliwa hukohuko, nami nikawachanja mbavuni, nikawapaka chumvi na ndimu na kuwalaza kwenye friji. Mafuta niliyabandika wageni walipoanza kuvua viatu mlangoni. Wifi yangu wa Sengerema alipewa kuku wa kienyeji wa mchuzi. Enzi za kivuko nisingethubutu kumwagiza, maana foleni ya magari pale Busisi haikutabirika, lakini tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, safari hiyo haina tena kusubiri zamu majini, na sufuria ilifika ingali ya moto. Hata hivyo niliirudisha jikoni mpaka ikachemka, kwani mchuzi wa kuku haufai kuachwa vuguvugu zaidi ya saa mbili. Shemeji, ambaye hajaoa na hajui hata kukatia kachumbari, alileta soda, barafu na matikiti.

Fedha sikuokoa, na anayetafuta unafuu wa matumizi asianzie kwa mpishi wa kulipwa. Nilichokipata ni muda: nilikula nikiwa nimekaa, sahani yangu ingali ya moto, na niliyasikia mazungumzo tangu mwanzo badala ya kusimuliwa baadaye.

Mama mkwe alikula pilau, akaongeza, kisha akauliza ukoko uko wapi. Haukuwepo. Mama lishe alikuwa amepakua wali kwenye mahotipoti na kubaki na sufuria yake, ukoko ukiwa ndani. Desemba hii kazi nitampa yeye tena, kwa bei ileile akikubali, ila sufuria ije nzima kama ilivyotoka motoni. Hilo ni sharti la mama mkwe, na amelitamka mwenyewe.