Nilivyopinga thamani waliyoipa nyumba yangu

Notisi ya kodi ya nyumba, yenye thamani ambayo ofisi ya uthamini iliipa nyumba yangu, ilipofika nilisoma mstari mmoja tu, ule wa kodi ya kulipa. Usiku huohuo niliandika barua ndefu: mapato yangu hayajaongezeka, watoto wawili wako shule, barabara ya mtaani kwetu ina mashimo na bado tunatozwa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata sentensi moja iliyonisaidia.

Asubuhi niliipeleka mwenyewe ofisini kwao. Karani, mama wa makamo, aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akanirudishia kwa upole.

"Mdogo wangu, hapa hatusikilizi kodi, tunasikiliza thamani. Kiwango cha kodi kinapangwa na wengine. Wewe niambie nyumba yako ilikuwa na thamani gani siku ya uthamini, yaani tarehe ambayo thamani inahesabiwa kwayo, na umejuaje." Akaniuliza kama nimeshaliona jalada la nyumba yangu. Nilikuwa sijui hata kwamba nina haki ya kuliona.

Namshukuru yule mama hadi leo. Alinionyesha pia kwamba siku 30 za kukata rufaa zilihesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, wala si tangu siku niliyoifungua bahasha. Tisa zilikuwa zimeshapita. Na akanisisitizia niendelee kulipa kodi kama ilivyodaiwa wakati rufaa ikisubiri, maana ningeacha, adhabu ya kuchelewa ingenifuata hata kama ningeshinda.

Jalada lenyewe lilikuwa karatasi mbili. Mwaka wa ujenzi, aina ya paa, idadi ya vyumba na mabafu, hali ya jengo, eneo la sakafu, na mchoro wa kuta za nje wenye vipimo. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yao inavyokwenda. Mthamini hakuwahi kuingia kwangu, na hawezi kuingia kila nyumba. Wanakusanya mauzo ya eneo zima, wanaangalia ukubwa, umri na mahali vinavyosukuma bei, halafu hesabu hiyo wanaipitisha kwenye kila nyumba kwa kufuata jalada lake. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na jibu likawa la uongo, kwa sababu jalada lina uongo.

Langu lilisema mita za mraba 214.

Nilimwita kaka yangu, tukashika tepu. Tulipima kuta kwa nje kama mchoro ulivyofanya, maana ukipima ndani na wao wamepima nje, mnabishana juu ya unene wa ukuta. Chini tuliafikiana na mchoro karibu kila upande. Ghorofa ya juu vipimo havikulingana. Tulipima mara tatu, tukapata jumla ya 186, na sikuweza kueleza mita 28 zimetoka wapi. Bila maelezo hayo ningeonekana mtu asiyejua kupima tu.

Nilikaa kwenye ngazi nikitazama. Sebule yetu haina dari ya katikati. Ukisimama chini unaliona paa. Ule uwazi ni mita 5.5 kwa 4, yaani 22. Aliyechora aliiona nyumba ya ghorofa kwa nje, akachukulia kwamba kilichopo chini kipo na juu. Sita zilizobaki zilikuwa kibaraza cha juu kisicho na kuta, kilichoandikwa kama chumba. Miaka sita nilikuwa nimelipia sakafu ambayo haipo. Nililia pale kwenye ngazi, na kaka akaniacha nilie.

Kosa la vipimo ndilo hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu halihitaji maoni ya mtu. Lakini sikutaka kuliegemea peke yake, kwa hiyo nikatafuta nyumba za kulinganisha. Nilipata tano zilizouzwa karibu nasi, nikabaki na tatu. Moja niliitoa kwa kuwa ndugu aliuziana na ndugu, na bei ya namna hiyo si bei ya soko. Nyingine iliuzwa miezi minane baada ya tarehe ya uthamini. Iliniuma kuitoa, bei yake ilikuwa ya chini sana, ingenipendeza. Kwa zile tatu niliandika tofauti zake waziwazi, hata zile zisizonipendelea: hii ina bafu moja pungufu, ile ina uwanja mkubwa kuliko wangu. Ukificha, mthamini ataona, na baada ya hapo hatakuamini tena kwa lolote.

Kikao cha kwanza kilikuwa mimi na mthamini mezani. Nilitanguliza mchoro wangu na picha ya sebule iliyopigwa kutoka juu ya ngazi. Aliitazama kwa muda, akasema atakuja. Alikuja na kipimo chake, akapima kimya, akapata 187. Nilimkubalia hapohapo ile moja.

Alirekebisha eneo, lakini hakuzigusa zile nyumba tatu, hivyo nikaendelea mbele ya baraza la rufaa. Dakika kumi na tano, si zaidi. Waliniuliza thamani ninayodai mimi, nikawapa tarakimu moja na njia niliyoifikia. Wanaokuja bila tarakimu hurudi na ileile ya ofisi. Walizikubali nyumba mbili kati ya tatu. Nilikuwa nimetaja pia ufa wa ukuta wa nyuma kama kitu kinachoshusha thamani, huo waliukataa. Picha zangu zilikuwa na tarehe ya miezi miwili baada ya siku ya uthamini, na sikuwa na karatasi yoyote ya fundi kuthibitisha kwamba ufa ulikuwepo kabla. Ulikuwepo, naujua. Lakini mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wangu, na sikuubeba.

Thamani ilishuka kwa asilimia 17. Niliyokuwa nimelipa zaidi mwaka huo iliingizwa kwenye bili iliyofuata. Ya miaka ya nyuma haikurudi, kwa kuwa muda wa kuipinga ulikuwa umeshapita. Hilo bado linanichoma.

Mwezi uliofuata nilirudi kuomba nakala ya jalada, kuhakikisha marekebisho yameingia kweli na hayakubaki kwenye barua ya uamuzi. Yameingia. Kwenye mchoro mpya, juu ya sebule, kuna mistari miwili iliyopishana na maneno yameandikwa kwa mkono: hakuna sakafu.