Tumeshuka Kolo, tukapanda Mungomi kuwaona tembo wa ukutani

Miaka yote nimekuwa napita Kolo ndani ya basi la Dodoma kwenda Arusha, kile kibao cha michoro ya miambani nakiona dirishani na moyoni nasema siku moja ntashuka, basi linapita, yameisha. Safari hii nikamwambia mdogo wangu hatuunganishi mpaka Babati, tunashuka Kolo tunalala Kondoa, akasema sawa dada twende.

Tulitoka Dodoma alfajiri. Lami siku hizi ni moja kwa moja, Kondoa mjini tukanywa chai na chapati pale stendi tukapanda gari lingine, na ukishaanza kuingia milima ya Irangi unajua tu umefika kwingine, kaubaridi kanaingia, mashamba ya mbaazi na alizeti huku na huku, juu kwenye miteremko miombo imefunga. Halafu unaona makorongo, udongo mwekundu umekatika kama umechongwa na jembe kubwa. Ile ardhi iliumwa kweli kweli jamani. Mmomonyoko ulizidi mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lote lililoharibika, wafugaji waliumia sana kwa hilo na tusilisahau, ila ile miti tuliyokuja kutembea chini yake ndo ilirudi baada ya hapo.

Ofisi ya Mambo ya Kale iko hapo hapo Kolo barabarani. Ukilipia unapewa mtu wa kukuongoza, usijaribu kwenda peke yako maana mapango yako zaidi ya 150 yametawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336 na njia hazina vibao vingi. Wetu alikuwa kijana wa Kirangi mzaliwa wa pale, mpole, anajibu kila swali. Tukachukua bodaboda, tukavuka mto wa mchanga ambao kiangazi ni mchanga mtupu, tukaachwa chini ya mlima Mungomi, kuanzia hapo ni miguu.

Kupanda kwenyewe sio kurefu ila ni kwa kusimama, mawe yanateleza, vaeni viatu vya kushika. Tulienda taratibu kwa sababu kila dakika kuna kitu cha kusikiliza. Pimbi wanapiga kelele kwenye nyufa za miamba halafu wanakutolea macho tu, nyani walikuwa wanavuka juu yetu familia nzima na watoto mgongoni, kwale wanaruka chini ya miguu mpaka moyo unashtuka. Mdogo wangu akauliza wanyama wakubwa je? Kijana akacheka akasema wakubwa, dada, wako ukutani.

Na kweli. Ukifika kwenye lile pango la kwanza, ambalo ni mwamba mkubwa umeinama kama paa la nyumba, mwanzoni huoni kitu, jiwe tu lina madoa. Tukae kwanza, akasema, macho yazoee. Tukakaa. Basi wakaanza kutokea mmoja mmoja, tembo kwa rangi nyekundu, twiga, pofu, halafu watu warefuuu wembamba kama vijiti, vichwa vimevimba kama wamesuka au wamevaa kitu, na katikati kuna mmoja anavutwa mikono upande huu na upande huu. Mary Leakey, yule mwanaakiolojia aliyekaa huku 1951 akizinakili hizi picha, aliona hapo ni mwanamke ananyang'aniwa, wengine wanasema ni ngoma ya tiba. Mimi nimeangalia ile mistari jinsi miguu ilivyolegea nikaona mtu anayeshikiliwa asianguke, kama tunavyomshika mgonjwa au mtu aliyepandisha, ndo nilivyoona mimi.

Hizi nyekundu watafiti wengi wanazihusisha na wawindaji wa kale, mababu wa watu kama Wasandawe ambao mpaka leo wapo Kondoa na Chemba na lugha yao ya kugonga ulimi. Zile nyeupe, nene nene, zimekuja baadaye na wakulima, sehemu nyingine zimepakwa juu ya nyekundu. Na kule Kisese, milima hiyo hiyo, wamechimbua shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000. Nilishika shanga za kiunoni kwangu niliposikia hilo, nikanyamaza.

Kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba mahali pale hapajafa. Warangi bado wanapanda kuomba mvua na kutibu watu, kuna sehemu ya matambiko yao na tulipita kwa adabu bila kupiga picha, na nyie mkienda fanyeni hivyo hivyo. UNESCO wameliandikisha eneo kuwa Urithi wa Dunia 2006 lakini wenye mlima walikuwepo kabla.

Ninachoomba kwa moyo wote, msimwagie maji picha ili zing'ae kwenye simu. Wageni wamefanya hivyo miaka na miaka na rangi zinachujuka, na msiguse. Kuna mashimo pia yamechimbwa na watu wanaotafuta mali eti ilifukiwa na Wajerumani, inauma sana kuyaona chini ya tembo wa maelfu ya miaka.

Tulikaa juu mpaka jua likaanza kulegea, mbele yetu nyika ya Wamasai imelala mpaka inapotelea kwenye ukungu. Chini tukala ugali na mlenda kwa mama mmoja karibu na barabara, babu mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akatuuliza mmetoka mlimani wajukuu? Tukamwamkia, tukasema ndio babu. Tembo mmewaona? Tumewaona babu. Akasema enzi za utoto wake walikuwa wanashika njia ya kule, akaonyesha kwa fimbo upande wa bonde, akaendelea na chai yake.