Stesheni yangu ya moduli tatu: kutoka mbao hadi treni ya kwanza

Januari

Plaiwudi ya milimita 10 imeshakatwa na chumba cha chini kinanukia mbao. Najenga stesheni ya reli ya mfano, ya treni ndogo za kuigiza zile halisi. Ni ya njia moja, yenye mahali pa kupishana treni na njia fupi ya kupakilia magogo. Ni moduli tatu, yaani vipande vya kuungwa pamoja, kila moja mita 1.2, kwa kipimo cha H0, yaani 1 kwa 87 ya kitu halisi. Kwa kipimo hicho kilomita moja ya reli inataka karibu mita 11 na nusu, na nyumbani kwangu sipati hata nusu yake. Ndiyo maana nilijiunga na kikundi. Huku kaskazini mwa Ujerumani tuko kumi na wanane. Kila mtu anajenga kipande chake kwake, halafu mara mbili kwa mwaka tunakodi ukumbi wa michezo na kuviunga vyote viwe reli moja.

Tunafuata vipimo vya FREMO, jumuiya ya wapenzi wa reli za mfano iliyoanza mwaka 1981. Katikati ya moduli uko huru, weka mto, shamba au kiwanda. Masharti yako kwenye ncha: uso wa reli uwe sentimita 130 kutoka sakafuni, matundu ya bolti za M8 yakae palepale kwa kila mtu, na reli iishie sawasawa na ubao wa mwisho. Kati ya reli yangu na ya jirani hakuna kiungio chochote. Gurudumu linavuka lenyewe.

Februari

Mataruma, kokoto, rangi ya kutu kwenye mbavu za reli. Jambo moja tu la kuandika: gundi ya mbao ukishaichanganya na maji, tia tone la sabuni ya vyombo kabla ya kuimwagia kokoto. Bila sabuni inajikusanya juu kama umande na kokoto zinaelea.

Machi

Majaribio ya kwanza, kwa mwenzangu mmoja mwenye banda kubwa. Tulifunga bolti, tukaunga nyaya, kichwa cha treni kikapita vizuri. Behewa la tatu likaanguka. Tukalirudisha, likaanguka tena palepale, kwenye maungio ya moduli yangu na yake.

Nilipitisha ukucha juu ya reli taratibu. Kwa juu ilikuwa laini kabisa. Nilipoupitisha ubavuni, upande wa ndani, ukakwama. Reli yangu ilikuwa imesogea kushoto kidogo mno, chini ya milimita moja. Kwa jicho huioni, lakini ukingo wa gurudumu la H0 ni mwembamba, ukikuta kidomo kama hicho unakipanda.

Nilidhani nilipima vibaya. Mwenzangu, mzee aliyefanya useremala miaka mingi, akaweka skwea kwenye ubao wangu wa mwisho, akanyamaza, akaniita nitazame. Ubao ulikuwa umejipinda. Nilikuwa nimeugundisha wakati wa baridi na kuuacha karibu na bomba la joto, gundi ikakauka upande mmoja kabla ya mwingine.

Iliniuma, kwa sababu kukata ubao upya ni kuharibu kokoto zote za ncha ile. Nilikata. Safari hii nilikaza skrubu mbili za shaba kwenye ubao chini ya kila reli, nikafunga moduli mbili pamoja kwa bolti, ndipo nikalehemu reli juu ya vichwa vya skrubu na kumalizia kwa tupa. Sasa reli imeshikwa na skrubu, haitegemei gundi.

Mei

Mkutano, siku tatu. Moduli zaidi ya sabini, stesheni tisa, na mimi stesheni masta wa kwangu.

Saa ya ukumbini inakimbia mara nne: dakika 15 zetu ni saa nzima ya ratiba. Dereva anatembea na treni yake, kidhibiti mkononi. Kila behewa lina kadi yake, na ndani ya kadi hati ya mzigo inayosema limetoka wapi na linakwenda wapi, kwa hiyo hakuna behewa linalosukumwa hovyo. Stesheni zimeungwa kwa simu za mezani. Kabla ya kuruhusu treni napigia simu stesheni ya mbele: "Treni 5312 inapokelewa?" Mpaka nijibiwe "Treni 5312, ndiyo," haiondoki.

Marehemu baba alikuwa gadi kwenye reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911. Nikimpelekea chakula stesheni nilikuwa namwona stesheni masta na simu sikioni, treni nzima ikimngoja yeye. Jumamosi asubuhi nilipoinua simu yangu mara ya kwanza, mkono ulitetemeka.

Mchana treni ya mizigo iliniletea mabehewa matatu matupu ya magogo, huku treni ya abiria ikibakiza dakika ishirini za ratiba, yaani dakika tano za kweli. Tuliyasukuma matatu yote njia ya pembeni, nikarudisha swichi, ile reli ya kugeuzia njia, nikapiga simu. Abiria walipita kwa wakati. Kwenye maungio yale ya Machi nilisimama kusikiliza: tak-tak, tak-tak, mpaka behewa la mwisho.

Kazi za kabla ya Oktoba: swichi ya pili inakwama ukumbi ukipata joto, na njia ya magogo ni fupi, behewa la nne haliingii.