Kumbukumbu ya mradi: viridiani imekubali kukaa kwenye paleti ya safari

Hatimaye donge la viridiani, rangi ya maji ya kijani, limeshika. Nimekigeuza kikasha chake (kisanduku kidogo cha plastiki cha kuwekea rangi moja) juu chini, nimekigonga ukingoni mwa meza, nimekibeba mkobani pamoja na paleti nzima, na bado hakuna kipande kilichodondoka wala ufa uliofika chini. Yeyote anayejaza vikasha vyake mwenyewe kutoka kwenye tyubu ataelewa kwa nini jambo hili linastahili kumbukumbu ndefu, kwa sababu rangi hii moja ndiyo iliyouchelewesha mradi wote huku zile nyingine 11 zikiwa zimekaa mahali pake, zimekauka na ziko tayari kwa kazi.

Paleti yenyewe haikunisumbua. Ni kopo bapa la bati linaloshika sumaku (makopo ya alumini hayashiki, kwa hiyo ni vyema kulijaribu kopo kabla ya kulinunulia kitu kingine chochote), na ndani yake nimepanga vikasha 12 vya saizi ya nusu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa takriban milimita 20 kwa 16. Chini ya kila kikasha nimebandika kipande cha ile sumaku laini inayokatwa kwa mkasi. Sumaku za neodimi zina nguvu zaidi, lakini ngozi yake ya juu ikikwaruzika hushika kutu upesi, na paleti ya rangi za maji hailowi mara moja tu. Uteuzi wa rangi nao ulikuwa rahisi: njano mbili za PY154 na PY150 (alama hizi hutambulisha pigmenti, yaani unga unaoipa rangi rangi yake), okra na siena iliyochomwa ambazo ni rangi za udongo, kwinakridoni ya waridi ya PV19, ultramarini, bluu ya thalo na nyinginezo ambazo mchoraji wa nje hawezi kuziacha nyumbani.

Ningeweza kuweka kijani cha thalo, PG7, mradi ukaisha siku ile ile. Sikutaka, na sababu zangu bado zinasimama. Kijani cha thalo kina nguvu mno. Tone dogo tu hutawala mchanganyiko mzima, na kikishaingia kwenye nyuzi za karatasi hakitoki tena. Viridiani, PG18, ni oksidi ya kromi yenye maji ndani ya muundo wake, ambayo Guignet aliipatia hataza huko Ufaransa mwaka 1859, na tabia zake ni kinyume kabisa: ni ya upole, hupitisha mwanga, chembe zake hutua kwenye mabonde ya karatasi na kuonekana, haififii kwenye mwanga, na huweza kunyanyuliwa kwa brashi yenye unyevu hata baada ya kukauka. Unapochora nje huku mawingu yakihama na vivuli vikibadilika, rangi unayoweza kuipunguza baada ya kuiweka ni mali kubwa. Kwa hiyo niliamua kwamba paleti ndiyo itakayojirekebisha kwa ajili ya viridiani.

Tatizo lake linajulikana na wengi. Rangi inatoka kwenye tyubu ikiwa laini na yenye kung'aa, inajaa kikasha vizuri, na kwa muda inaonekana imetulia. Kisha utando wa juu unakauka, nyufa zinaanza katikati, donge linajitenga na kuta za kikasha, na mwisho unafungua paleti na kukuta vipande vigumu vya kijani vimetawanyika juu ya rangi nyingine zote. Vipande hivyo ni vigumu kiasi kwamba brashi haipati kitu juu yake isipokuwa maji yenye dalili ya kijani. Bluu za kobalti na seruliani nazo hupasuka, lakini angalau kwangu vipande vyake vimebaki vimebanana ndani ya kikasha na vinalainika vikiguswa na maji. Viridiani haibanani wala hailainiki kwa kuguswa tu.

Nadhani kiini chake ni hiki. Maji yanapotoka, rangi hupungua ujazo wakati sakafu na kuta za kikasha zimeishika, na mvuto huo lazima upate mahali pa kupasulia. Katika rangi zenye chembe laini sana, kama kwinakridoni, gundi iliyomo ndani ya rangi hushika chembe kila upande na donge zima husinyaa kwa pamoja. Chembe za viridiani ni kubwa na nzito, hivyo mvuto huo hupenya kati yake kwa urahisi. Ukiongeza hapo kina cha kikasha, ambacho husababisha uso ukauke mapema huku chini kukiwa bado na unyevu, unapata tabaka mbili zinazovutana, na ile ya juu ndiyo inayoshindwa.

Njia ya kwanza iliyonijia ilikuwa kujaza kwa tabaka nyembamba. Kwa rangi nyingine zote njia hiyo inafanya kazi vizuri sana: unasambaza rangi hadi pembeni kwa kijiti cha meno, unagongagonga kikasha mezani ili viputo vya hewa vipae juu, unaacha ikauke kabisa, kisha unaongeza. Kwa viridiani tabaka zilikauka bila nyufa kubwa, jambo lililonipa moyo, lakini zikaanza kubanduka moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ilibidi kabla ya kila tabaka mpya niloweshe ile ya zamani hadi ifanye utelezi, kisha niivuruge kidogo kwa kijiti pamoja na rangi mpya ili mpaka kati yao upotee. Hilo liliondoa kubanduka kwa tabaka, ila donge lote, sasa likiwa kipande kimoja kizuri, likang'oka chini.

Nikaparuza sakafu na kuta za kikasha kwa msasa, kwa sababu plastiki ya vikasha hivi ni nyororo mno na gundi haina pa kushika. Nawashauri wote wafanye hivyo kwa rangi yoyote; haichukui muda, na tofauti inaonekana. Viridiani ilikaa kwa muda mrefu zaidi kuliko mwanzo, kisha ikapasuka katikati. Nikaweka gliserini, ambayo hushika unyevu na kulainisha donge. Ikiwa kidogo haikusaidia. Ikiwa nyingi uso ulibaki unanata kiasi cha kuchukua nyuzi za kitambaa na vumbi, na bado sakafuni donge lilikuwa limeachia. Hapo nilikasirika kwa kweli, kwa sababu gliserini ndiyo dawa inayotajwa kila mahali kana kwamba inatosha peke yake. Gliserini hulainisha, haishikishi. Kazi ya kushikisha ni ya gundi.

Kwa hiyo nikageukia gundi yenyewe, ile ya mgunga ambayo sehemu kubwa yake duniani hutoka Sudan. Niliyeyusha sehemu 1 ya unga wa gundi katika sehemu 2 za maji ya moto, nikaacha usiku kucha, nikachuja, kisha nikaongeza gliserini kiasi cha robo ya ujazo wa myeyusho huo pamoja na tone la mafuta ya karafuu la kuzuia kuvu. Sikuimwaga juu ya donge. Kuidondoshea rangi iliyokwisha kupasuka huacha gamba linalong'aa kama kioo ambalo nalo hupasuka, kwa kuwa gundi ikizidi bila gliserini huwa kavu na dhaifu, na gliserini ikizidi bila gundi huwa nata. Ni lazima ziingie pamoja, na ziifikie kila chembe.

Hatua iliyoleta mafanikio ilikuwa kuisaga upya. Nilikusanya vipande vyote vya viridiani iliyovunjika, nikaviloweka hadi vilegee, na kuvisaga juu ya kioo kinene pamoja na myeyusho wa gundi. Kusaga kulifanywa kwenye maji mwanzo hadi mwisho, kwa sababu vumbi la pigmenti yoyote halifai kuvutwa, na vipande vikavu vya rangi hii vikipigwa huruka. Nilianza na kisu cha paleti, nikaona kinafaa kukusanyia tu. Kazi ya kweli ilifanywa na kisagio cha kioo chenye kitako bapa, kikizungushwa kwa duara pana bila kukandamizwa sana. Mwanzoni unasikia mkwaruzo wa punje chini ya mkono. Baada ya muda mkwaruzo unapungua, rangi inakuwa na mng'ao wa hariri na inavutika kwenye kioo bila kuacha mistari. Hapo ndipo niliposimama. Sikutaka kuzidisha, maana tabia ya viridiani ya kutua kwa chembechembe kwenye karatasi ndiyo mojawapo ya sababu za kuihangaikia.

Nikajaza kikasha kilichopigwa msasa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikiloweshwa kabla ya inayofuata, na kikasha kikifunikwa nusu ili kikauke polepole. Uso wa donge umesinyaa kidogo katikati, kama inavyotarajiwa. Kuna ufa mmoja mwembamba karibu na kona, ambao haujaongezeka. Muhimu zaidi, brashi yenye maji ikipita mara mbili tu inaondoka na kijani cha kutosha kujaza ukungu wa milima ya mbali, na kwa viridiani iliyokauka kutoka kwenye tyubu sikuwahi kupata hivyo.

Kuhusu vifaa, nina maoni mawili niliyoyafikia katika kazi hii. La kwanza ni kwamba bomba la sindano lisilo na sindano ni chombo bora zaidi cha kupelekea rangi ndani ya kikasha kuliko kukamua tyubu moja kwa moja, kwa sababu unaweza kuanzia sakafuni kwenye kona na kurudi nyuma polepole, na hewa haipati pa kujificha. La pili linahusu brashi zenye tangi la maji kwenye mpini. Najua zinapendwa na wasafiri, na kwa michoro ya haraka kwenye daftari dogo sina ugomvi nazo, lakini kwa donge gumu hazifai: zinamwaga maji mengi mahali ambapo unahitaji msuguano, na rangi inakuja ikiwa imezimuliwa kabla hujaamua nguvu yake. Mimi nabeba brashi ya mfukoni ambayo mpini wake huwa kifuniko, pamoja na brashi moja kuukuu ya nyuzi za sintetiki ambayo kazi yake ni kuamsha madonge tu. Kusugua viridiani kwa brashi ya manyoya laini ya mnyama aitwaye sebo ni kuimaliza ncha yake kabla ya wakati.

Mpango wangu ulisema kwamba baada ya viridiani nitapuliza enameli nyeupe ndani ya kifuniko ili kiwe uwanja wa kuchanganyia, kisha nitachora kadi ya sampuli za rangi zote 12. Nimeviacha vyote viwili kwa sasa. Kifuniko kinatumika kilivyo, kwa kuwa nimekisugua kwa magadi laini hadi maji yakaacha kujikusanya matone matone juu yake, na hilo linatosha kwa kufanyia kazi. Kilichonivuta ni mabaki yaliyobaki kwenye kioo. Nilipokuwa nikikisafisha, viridiani ilikutana na kiasi kidogo cha kwinakridoni ya waridi iliyokuwa pembeni, na pakatokea kijivu ambacho nimekuwa nikikichanganya kwa shida kila ninapotoka: kijivu kinachopitisha mwanga, chenye punje za kijani zinazojitenga kidogo na waridi kikitua kwenye karatasi yenye mabonde.

Sasa nasaga donge zima la kijivu hicho. Ugumu wake uko kwenye uwiano, kwa sababu kwinakridoni ina nguvu nyingi kuliko viridiani, na ukipima sawa kwa sawa unapata zambarau iliyochoka badala ya kijivu. Nimekuwa nikiongeza waridi kwa ncha ya kijiti, nikijaribu kila mara kwenye kipande cha karatasi na kusubiri kikauke kabla ya kuhukumu, kwani mchanganyiko huu ukiwa mbichi hudanganya. Huonekana wa waridi zaidi kuliko utakavyokuwa. Tabaka ya kwanza imekwisha kukauka ndani ya kikasha kilichopigwa msasa. Haina ufa, haijajitenga na kuta, na kwenye karatasi imeelekea upande wa kijani kwa kiasi ninachokipenda kwa vivuli vya mawe na mawingu ya mvua.

Nafasi yake kwenye kopo itatoka kwa nyeupe. Nyeupe nimekuwa nikiibeba kwa mazoea, nikiigusa mara chache kwa madoa ya mwanga ya mwisho, na kwa kazi hiyo tyubu ndogo ya gwashi (rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga) mfukoni inatosha. Tabaka ya pili ya kijivu itaingia mara hii ya kwanza itakapokuwa imekauka hadi chini, na kadi ya sampuli itachorwa baada ya hapo, ikiwa na rangi zilizobaki kweli kwenye paleti.