Gesi imo, jenereta inazima

Umeme ulikatika saa tatu usiku, nje nyuzi 29 chini ya sifuri. Hapa Duluth, kaskazini mwa Minnesota, umeme ukikatika msimu huu huendi kulala ukisubiri urudi. Mabomba ya maji huganda ukutani, yakapasuka.

Nikaiburuta jenereta ya gesi hadi uani, mbali na madirisha, maana moshi wake una kaboni monoksaidi: haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Ikawaka. Nikaunganisha hita, nikajipongeza. Baada ya dakika kumi hivi ikaanza kukohoa, kisha kimya.

Nikautikisa mtungi. Gesi imo, naisikia ikicheza. Nje umevaa barafu nyeupe kuanzia chini hadi nusu, imeishia palepale gesi ilipoishia. Mikono ikataka kuulaza ubavu, kama tulivyokuwa tukifanya Tanga gesi inapokaribia kwisha na maharage bado magumu.

Mzee jirani alikuwa amekuja na tochi yake. Alinizuia kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena. Ukiulaza, gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta na injini, balaa. Wala usiupashe moto.

Alivyonieleza, gesi yenyewe, propani, ndani ya mtungi iko katika hali ya maji, na jenereta inatumia mvuke wake tu. Inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo usiku ule ilikuwa inachemka kwa shida, presha haifiki hata robo ya ile ya siku yenye nyuzi 20. Na kadiri injini inavyovuta, ndivyo gesi iliyobaki inavyozidi kupoa. Mtungi mdogo, tena nusu, hauna ubavu wa kutosha kuvuta joto la hewani. (Gesi yetu ya kupikia kule nyumbani Tanzania huchanganywa na butani, ambayo inagoma kwenye sifuri tu. Hapa ingetulia kama maji ya kisima.)

Akaleta mtungi wake uliojaa na mpira wenye njia mbili, tukaiunganisha mitungi yote pamoja. Jenereta ikanguruma mpaka alfajiri. Oili nayo nimebadilisha, sasa natumia 5W-30 sintetiki, kwani ile nzito ilikuwa inanivunja bega kila nikivuta kamba.

Asubuhi nikampigia mama kumsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, kwa nini hukuulaza?"