Breki moja au mbili: wiki tatu za kusaka milimita tatu

Imegusa! Jana saa nne usiku, tochi mdomoni, raba ya breki ya nyuma imekutana na rimu. Si na tairi, wala si kuning'inia hewani: na rimu yenyewe. Nilibana mkono wa breki mara ishirini hivi, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Wanaofuatilia mradi huu wa baiskeli yangu wanajua msimamo wangu: fiksi, yaani baiskeli ambayo pedali huzunguka kila gurudumu la nyuma linapozunguka, yahitaji breki moja, ya mbele, basi. Nimeutetea kwa miezi. Ukibana breki, uzito unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na gurudumu jepesi halina la kung'ang'ania, linaserereka tu. Zaidi ya hapo, kwenye fiksi miguu ndiyo breki ya nyuma. Hata kanuni za Uingereza za mwaka 1983 ziko upande wangu: baiskeli ambayo gurudumu lake haliwezi kuzunguka bila pedali inadaiwa breki ya mbele tu, yenye friwili (inayoliacha gurudumu lizunguke pedali zikitulia) inadaiwa mbili, mbele na nyuma.

Hoja zote hizo zina sharti moja ambalo sikuwahi kulitamka: cheni iwe mahali pake.

Nilikuwa nateremka, si kwa kasi ya ajabu. Nati ya ekseli upande wa kulia ilikuwa imelegea kidogo (mkono wangu mwenyewe ulioikaza, simlaumu mtu), gurudumu likasogea, cheni ikalegea, ikaruka. Mara pedali zikawa nyepesi, miguu inazunguka bure kama ya bata majini. Breki ya mbele ilikuwepo na ilifanya kazi. Lakini mbele yangu palikuwa na kona yenye mchanga. Gurudumu la nyuma likiteleza unatikisika na kutukana. La mbele likiteleza kwenye kona, uko chini kabla hujajua. Kwa hiyo nikawa na breki moja ambayo sithubutu kuibana. Nilinyoosha moja kwa moja hadi majanini. Sikuumia, ila nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi, breki ya pili. Nikadhani kazi ya jioni moja.

Fremu hii ya chuma ni ya zamani, ilijengwa kwa magurudumu ya inchi 27, rimu ya milimita 630. Mimi nimeweka za 622. Tofauti ya nane kwenye kipenyo ni nne kwenye nusu kipenyo, yaani raba lazima zishuke milimita nne kuliko mjenzi wa fremu alivyokusudia. Mbele nilikuwa nimeponea chupuchupu kwa kalipa (ile mikono miwili inayobana raba kwenye rimu) ndefu, ambayo raba zake hufika milimita 47 hadi 57 chini ya bolti yake. Nyuma nikapima kutoka tundu la bolti ya breki hadi katikati ya ukuta wa rimu: 60. Nikapima tena. 60. Nikabadilisha venia, kile kipimio cha milimita, maana ukishachoka unaanza kushuku vyombo. 60.

Milimita tatu! Unene wa sarafu mbili. Raba zilikuwa zinauma ukingo wa rimu na kusaga ubavu wa tairi.

Wiki ya kwanza nilichukua tupa nikarefusha tundu la raba kwa chini. Nilipata milimita moja, nikaona chuma kilichobaki pale ni chembamba kiasi kwamba sitaki roho yangu ining'inie hapo. Kalipa hiyo sasa inazuia mlango usifungwe na upepo. (Kuhusu tupa: nunua ya duara yenye meno madogo na ilaze taratibu. Tupa kubwa ni ya watu wenye hasira, na mimi siku hiyo nilikuwa mmoja wao.)

Wiki ya pili nikatengeneza kibamba cha kuishusha kalipa nzima chini ya kidaraja cha fremu, kile kijibomba cha nyuma inapofungwa. Ikafika kwenye rimu vizuri sana, na ukibana, kalipa nzima inajikunja mbele kama mzee anayesinzia. Hapana.

Zipo kalipa za 55 hadi 73, najua. Ila mikono ikirefuka nguvu ya kubana inapungua, na mimi sikutaka kuagiza tena kitu kingine kisha nikisubirie. Kwa nyuma ingevumilika, kwa kuwa nyuma haihitaji nguvu nyingi. Ubishi tu ulinizuia.

Jibu lilikuwa limekaa machoni pangu wiki zote hizo. Ekseli ilikuwa nyuma karibu na mwisho wa mwanya wake, ule mpasuo wa fremu inamokazwa. Na kwa vile bomba za nyuma zimelala, kila gurudumu linaporudi nyuma sentimita moja, rimu inakimbia kidaraja kama nusu sentimita. Tatizo halikuwa breki kamwe. Lilikuwa urefu wa cheni: cheni ndefu ndiyo iliyolivuta gurudumu nyuma ili ikazike!

Pingili nzima ya cheni, jozi ya nje na ya ndani, ni inchi moja. Kuitoa kungesogeza ekseli nusu inchi, na mwanya haukuwa na nafasi hiyo. Ila kuna nusu pingili, ile iliyojikunja. Nilitoa pingili moja nzima, nikaweka nusu. Ekseli ikaja mbele milimita sita na kidogo. Nikapima: 57 kasoro nywele. Raba ziko chini kabisa ya tundu lake, lakini zimegusa.

Kwenye kitoa pini usibane matumizi. Cha bei ya chini kilinipindia sindano kwenye pini ya kwanza kabisa. Na ala ya waya wa breki iwe ile iliyosokotwa kama springi; ala ya gia ina nyaya zilizonyooka, ukiibana kwa nguvu za breki inaweza kupasuka.

Leo asubuhi nimepima kwa chaki, lami kavu, mwendo wa kilomita 25 kwa saa, miguu ikifuata tu. Mbele peke yake: mita tano na nusu. Nyuma peke yake: kumi na moja na ushee, gurudumu likichora mstari mweusi. Zote mbili pamoja: tano na robo. Robo mita! Wiki tatu kwa robo mita, na wenzangu wa breki moja mnaruhusiwa kucheka. Ila nimeshawahi kukaa majanini, siiondoi.

Ratiba ilisema sasa nipake rangi uma na kufunga tepu mpya kwenye usukani. Kopo la rangi bado limefungwa, kwa sababu wakati nakaza ekseli nimeangalia upande wa pili wa habu (kitovu cha gurudumu), ule wenye nyuzi za kufungia friwili. Nikiwa na breki mbili, nini kinanizuia kuligeuza gurudumu nitumie friwili?

Kinachonizuia ni jino moja. Upande wa fiksi una meno 17, na friwili niliyonayo kwenye boksi ina 16. Jino moja pungufu linarudisha ekseli nyuma milimita tatu, na raba hazina pa kushukia tena. Friwili ya 18 ingeileta mbele milimita tatu, halafu nizipandishe raba zisije zikaingia chini ya rimu kwenye spoki. Nimepima mwanya: mbele ya ekseli imebaki nafasi ya milimita nne.

Natafuta ya 18.