Begi Dogo, Kiangazi cha Ulaya
Naenda Roma, Sevilla na Paris mwezi wa saba, na begi ni lile dogo la kuingia nalo kwenye ndege. Nimeanza na rangi: nyeupe, kaki na buluu iliyoiva. Kila blauzi lazima iendane na kila sketi. Isiyoendana inabaki kabatini.

Nguo ninayoipenda kuliko zote ni gauni la kitani, linavuka magoti na lina mifuko mikubwa. Kitani hupitisha hewa, na Sevilla joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 40. Kinajikunja, ndiyo, lakini mikunjo yake inapendeza. Gauni hilohilo nitaingia nalo Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, ambako mabega na magoti lazima yafunikwe. Halina mikono, hivyo mtandio wa hariri utasitiri mabega, na jioni kando ya mto Seine nitajitanda huohuo.

Viatu vya visigino sichukui kabisa. Barabara za Roma ya kale zimetandazwa vijiwe, na kisigino chembamba hunasa katikati. Nimechagua sandali za ngozi zenye kamba kifundoni; nazivaa ndani kila siku ili zilainike. Raba nyeupe na koti la jinzi nitavivaa siku ya ndege, maana ndivyo vinavyokula nafasi.